Ukiondoa spidi na bei, Ferrari ina nini cha pekee ukiwa kwenye usukani? (Ubishi wa Mwanga, Kigoma)

#1 Mtoto wa Katubuka
Wakuu, salaam.

Jana pale Mwanga tunasubiri magari yakaushwe, ubishi ukaanza. Jamaa yangu ana Crown Athlete ile ya V6 (silinda sita), lita 3.5. Msimamo wake: gari ni gari, injini, giaboksi na tairi nne. Hizo Ferrari na Lamborghini za kwenye simu zinamzidi vitu viwili tu, spidi na bei. Na kwa kuwa hapa Kigoma spidi yenyewe huna pa kuipeleka (hujafika hata Mwandiga ushasimamishwa na wa tochi), ukimpa Ferrari atembee nayo 80 hataona tofauti na Crown yake, isipokuwa itamsumbua kwenye matuta.

Nilibisha mpaka sauti ikakauka ila hoja sikuwa nayo. Nawaletea nyie. Tuweke pembeni spidi ya mwisho, tuweke pembeni bei. Haya madude yana nini cha pekee mikononi mwa dereva? Waliowahi kuendesha waseme. Wa kuhadithiwa karibuni pia, ila mseme mmehadithiwa.

#2 EmbeDodo
Nimewahi siti ya mbele. Karanga ninazo.

#3 Fundi wa Gungu
Angalia injini imekaa wapi, ubishi umeisha.

Crown ukifungua boneti injini hiyo hapo, mbele yako, giaboksi inapita katikati ya miguu, nyuma buti tupu. Sasa Ferrari 458, Lamborghini Huracán, McLaren karibu zote, ukifungua mbele unakuta nafasi ya begi la nguo. Injini iko nyuma ya mgongo wako, kabla ya ekseli ya nyuma. Aliyewafumbua watu macho kwa gari za barabarani ni Lamborghini na Miura yake ya 1966, V12 imewekwa kwa upana nyuma ya viti viwili. Baada ya hapo kila mwenye hela ya kutengeneza gari ya aina hiyo akafuata njia ileile.

Faida ni mbili. Pua nyepesi, ukigusa usukani inageuka hapohapo, haijivuti. Halafu uzito unalalia tairi za nyuma, ukikanyaga mafuta kutoka kwenye kona zinashika. Huyo wa Crown mwambie akanyage mvua ikinyesha kwenye kona za Manyovu aone mkia unavyomtangulia.

#4 Konda Mstaafu
Fundi, kwa hesabu hiyo Estima ya zamani nayo ni supakari? Maana injini ipo chini ya viti. Na bajaji tusemeje, injini ipo nyuma kabisa 😂

#5 Fundi wa Gungu
Cheka tu. Estima iliyotoka 1990 kweli injini yake imelazwa nyuzi 75 chini ya sakafu, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Toyota hawakuwa na shida na kona, walitaka sakafu ya abiria. Alteneta na kompresa ya AC wakaziacha kule mbele, zinazungushwa na shafti ndefu. Mimi nimezifungua hizo, kazi ya plagi tu inaanzia kwenye kiti. Kukaa katikati peke yake hakutoshi, lakini bila kukaa katikati huanzi.

#6 Mwalimu wa Ipuli
Mwangaluka wakuu, niko Tabora.

Fundi yuko sahihi kwenye fizikia yake. Chukua ndoo mbili za maji, nyoosha mikono pembeni, jaribu kugeuka ghafla. Halafu zibane kifuani ugeuke tena. Uzito ni uleule, lakini ukiwa karibu na kitovu cha mwili unageuka kwa urahisi, na kusimama kugeuka ni rahisi vilevile. Ila kuna upande ambao hakuusema: gari lenye uzito katikati likishapoteza mshiko linazunguka upesi kuliko mkono wa dereva wa kawaida unavyoweza kulirudisha. Kinacholifanya tamu ndicho kinachoumiza.

Ninapotofautiana naye ni hapo kwenye "huanzi". Porsche 911 injini yake iko nyuma ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo kitabu kinasema usiweke, na wameing'ang'ania tangu miaka ya 1960. Nissan GT-R ya 2007 injini iko mbele, wamepeleka giaboksi nyuma ili kusawazisha. Haya yote utayaacha nje?

Mimi nasema tazama kila nguvu farasi moja inabeba kilo ngapi. Crown hiyo ina nguvu farasi 315 na uzito wa kilo 1,600 na ushee. Gawanya: kama tano. Ferrari F40 ya 1987 ilikuwa na 478 kwenye kilo zinazokaribia 1,100 bila mafuta wala maji. Hiyo ni mbili na kidogo. Hapa sizungumzii spidi ya mwisho, nazungumzia ukiwa 40 unataka 80. Jamaa wa Crown anakanyaga, giaboksi inafikiri, inashusha gia, injini inaanza kulia, gari linaondoka. Kwenye lile lingine kati ya mguu na mgongo hakuna mazungumzo marefu hivyo.

#7 Fundi wa Gungu
911 nakupa. GT-R sikupi, ile ni gari ya kompyuta. Siiweki kundi moja na hizo.

#8 Mtoto wa Katubuka
Asanteni. Bado nasubiri aliyeshika usukani mwenyewe.

#9 Binti Ujiji
Kaka zangu, naishi Uingereza mwaka wa kumi sasa, nyumbani ni Ujiji. Huku kuna viwanja unalipia, unapewa gari na mwalimu anakaa pembeni, unazunguka mizunguko michache. Wenzangu kazini walinichangia siku ya kuzaliwa. Gari ilikuwa Ferrari 458 Italia.

La kwanza, huingii, unashuka. Kiti kiko chini kiasi kwamba ukining'iniza mkono nje ya mlango unaona lami iko karibu. Mbele hakuna boneti ndefu, kuna mabega mawili ya tairi za mbele yanayoinuka kushoto na kulia, basi unajua tairi yako iko wapi. Kwenye Vitz yangu tairi najua zipo kwa sababu gari inatembea.

La pili, nilitafuta kijiti cha indiketa nikakosa. Indiketa ni vitufe kwenye usukani. Wepa, taa, kitufe chekundu cha kuwashia, vyote viko kwenye usukani. Nikadhani ni mbwembwe mpaka tulipoingia kona. Ukiwa na mikono saa tatu na saa tisa, kona nyingi unazimaliza bila kubadilisha mshiko, kwa sababu usukani unauzungusha kidogo sana. Mzunguko wa kwanza nilikuwa nageuza kwa mazoea ya Vitz, gari ikawa inaingia ndani ya kona kabla yangu. Mwalimu akaniambia legeza mikono, unaikaba.

La tatu ni breki, na hapa ndipo nilipoelewa. Mwisho wa sehemu iliyonyooka mimi mguu ulishataka kukanyaga, yeye anasema bado, bado, bado, kona naiona inakuja, moyoni nishajisalimisha, ndipo akasema sasa. Pedeli ngumu, haizami. Mkanda ukanibana kifua na gari ikatulia kama haikuwa kwenye mwendo, tena nikabakiwa na nafasi kabla ya kona. Nafasi! Nilikuwa nimesimama mapema mno.

Nikiulizwa tofauti na gari ya kawaida, nasema hivyo: breki na usukani. Injini ilipiga kelele mpaka mizunguko 9,000 kwa dakika na nilifurahi, lakini kitu kilichonikaa mikononi ni breki na usukani.

#10 Chai ya Tangawizi
Dada hii chai ina iliki na mdalasini. Picha iko wapi?

#11 Binti Ujiji
Simu tuliacha kwenye kabati, sheria yao. Usipoamini mdogo wangu hakuna kitakachoharibika, kunywa tu.

#12 Kijana wa Kibirizi
@Binti Ujiji asante dada. Hapo kwenye usukani niongeze kitu. Gari nyingi za siku hizi stelingi zao zinasaidiwa na mota ya umeme, ikiwekwa ovyo inachuja barabara yote, huhisi kitu. McLaren waliendelea kung'ang'ania ya haidroli, ile ya mafuta ya presha, wakati wenzao wengi wameshahama, ili kile kinachotokea kwenye tairi ya mbele kifike kwenye vidole. Mimi ni wa kuhadithiwa, nimesema mapema.

#13 Dereva Nyakanazi
Mwalimu wa Ipuli, hesabu yako ya nguvu farasi nina swali nayo. Mimi naendesha semi, farasi 500 ninao. Nikitoka Tabora na saruji kuja Kigoma sijawahi kujihisi niko kwenye Ferrari, hata nikirudi tupu.

Dada wa Ujiji ndiye kaongea. Kuondoa gari kila mtu anaondoa, kazi iko kwenye kusimamisha. Sisi tukishuka milima ukiegemea breki ya mguu mfululizo zinapata moto, zinaanza kunuka, halafu pedeli ipo ila gari haisikii. Kwa hiyo unashuka na gia na breki ya injini. Hizi gari ndogo za bei mbaya nimesoma zinatumia diski za kaboni na seramiki, hata zikiwa nyekundu kwa moto zinakamata vilevile. Breki ya namna hiyo ukiwa nayo, unaendesha kwa moyo mwingine kabisa, hata ukiwa hukimbii. Ndiyo tofauti.

#14 Mwalimu wa Ipuli
Dereva, farasi wako 500 wanapatikana injini ikizunguka kama mara 1,800 kwa dakika, wa 458 wanapatikana karibu na 9,000. Wako wamesomea kuvuta, wale wamesomea kukimbia. Na gari lako tupu bado ni tani kumi na kitu.

Ila kwenye breki sikubishii, nakuongezea nguvu. Nishati ya mwendo inakua kwa mraba: gari likiwa 200 breki zinabeba mara nne ya kile zinachobeba likiwa 100, likiwa 400 ni mara kumi na sita. Bugatti Veyron ya 2005, iliyofika 407, wenyewe wanasema inatoka 400 hadi kusimama chini ya sekunde 10. Bawa la nyuma linanyanyuka kusaidia kukamata hewa, maana tairi peke yake haziwezi.

#15 Mzee wa Reli
Vijana mnasahau historia. Hiyo Bugatti ni Mjerumani, ni Volkswagen ya matajiri. Na yote hayo aliyaanza McLaren F1, ilikuwa na turbo mbili za kuisukumia injini hewa, ndiyo maana ikaenda 386 mwaka 1998 kabla nyie hamjazaliwa. Dereva anakaa katikati, abiria wawili nyuma kidogo, mmoja kushoto mmoja kulia. Hicho ndicho cha pekee, kukaa katikati. Ni gari chache sana unaona kona za pande zote mbili sawasawa.

#16 Kijana wa Kibirizi
Shikamoo mzee wangu. Kiti cha katikati uko sawa, 386 uko sawa, tena dereva alikuwa Andy Wallace kwenye uwanja wa Ehra-Lessien kule Ujerumani. Ila turbo haikuwa nayo hata moja. Ilikuwa V12 ya BMW ya lita 6.1, inavuta hewa yenyewe, nguvu farasi 627. Gordon Murray aliyeisanifu turbo hakuitaka, alitaka mguu ukigusa injini ijibu papo hapo. Na kwenye chumba cha injini akafunika kwa dhahabu, si mapambo, dhahabu inarudisha joto.

Na Bugatti ni ya Ufaransa, kiwanda kiko Molsheim. Volkswagen walinunua jina tu, 1998.

#17 Konda Mstaafu
Subiri kijana, usimvue mzee kofia yote. Ettore Bugatti ni mzaliwa wa Milan, Italia, akaanzisha kiwanda Molsheim 1909, na mwaka 1909 Alsace, jimbo ilipo Molsheim, ilikuwa chini ya Mjerumani. Mzee amechelewa miaka mia tu.

#18 Mzee wa Reli
Marahaba wote wawili. 1909 Mjerumani huyohuyo alikuwa anasukuma reli kuja kwetu, Tabora ikafika 1912, Kigoma 1914. Hapo sisahihishwi.

#19 EmbeDodo
Tumetoka Ferrari tumefika kwenye reli ya kati. Uzi unanoga.

#20 Aliyerudi Dubai
Nyie wote mnasifia kwa sababu mnazisoma zikiwa uwanjani. Mimi nimefanya kazi Dubai, sehemu wanayokodisha magari ya aina hii, sitaitaja. Kazi yangu kuosha, kuhamisha, kupeleka kwa mteja hotelini. Kwenye mwendo wa 20 na 40 ndiko nimekaa nazo, na jamaa wa Crown ndiko alikoulizia.

Kwanza hauoni nyuma. Kioo cha katikati kinakuonyesha injini na kipande cha barabara. Kurudi rivasi kwenye maegesho ya chini ya ardhi ni kusali. Pua iko chini, kuna kitufe cha kuinyanyua kabla ya tuta au mteremko. Ukisahau unasikia krrr ya kaboni na siku yako imeharibika. Mimi ilinikuta, mshahara wa mwezi ule ukakatwa nusu, na hakuna aliyeuliza kama mteja aliyetangulia ndiye aliyeikwaruza.

Pili, joto. Injini iko nyuma ya kichwa chako, kwenye foleni ya mchana wa Dubai AC inapambana na wewe unatoka jasho la shingoni. Ukizima, feni zinaendelea kulia peke yake, watu wanageuka.

Tatu, zile za zamani zenye giaboksi ya otomatiki ya klachi moja, kwenye mwendo mdogo kila gia unatikisa kichwa kukubali. Kwenye rampu ya maegesho ukiichezea hivi, hivi, unasikia harufu ya klachi. Zilizokuja na klachi mbili, moja imeshika gia hii nyingine imeshaandaa inayofuata, hizo ndizo laini, hata bibi yangu angeendesha. Breki za seramiki asubuhi zikiwa baridi zinapiga kelele kama filimbi na hazishiki vizuri mpaka zipate moto.

Kwa hiyo ndugu mleta uzi, tofauti ipo hata kwenye 40. Ila si utamu. Ni kwamba gari haikuachii upumzike. Kwenye Crown unaendesha huku unawaza kodi ya nyumba. Kule kodi ya nyumba unaisahau, unawaza tuta, unawaza upana, unawaza yule wa nyuma anayerekodi na simu. Wengine wanaita hiyo raha. Mimi niliita kazi.

#21 Kijana wa Kibirizi
Mkuu wa Dubai umenikumbusha Lamborghini Countach ya miaka ya 70. Kioo cha nyuma kilikuwa hakina msaada, waliokuwa nayo walikuwa wanafungua mlango ule wa kunyanyuka juu, wanakaa kwenye kizingiti, kiwiliwili nje, ndipo wanarudi rivasi.

#22 Chai ya Tangawizi
Ya Dubai naikubali, hii imekosa iliki. Mtu hawezi kujisifia mshahara uliokatwa.

#23 V6 Mwanga
Ndiyo mimi mwenye Crown, nimetumiwa linki. Mmenisema weee. Nasimama palepale: aliyerudi Dubai amethibitisha kwamba kwa mwendo wetu ni usumbufu tu. Gari yangu ikifika 180 kompyuta inakata, ni ya kiwandani Japani, si kwamba haiwezi. Ikifunguliwa mtashangaa.

#24 Fundi wa Gungu
V6, karibu. Kabla hujafungua 180, inama uangalie ubavu wa tairi zako, kuna tarakimu nne ndani ya duara refu. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Gari yako ilipita kwangu mwezi uliopita, za nyuma zimeandikwa 3114. Wiki ya 31, mwaka 2014! Unazungumzia Ferrari juu ya mpira uliokauka.

Na hapa wakuu hakuna aliyegusa tairi. Yote haya, injini katikati, breki za seramiki, farasi mia tano, yanapita kwenye vipande vinne vya mpira, kila kimoja hakizidi kiganja sana. F40 nyuma ilikuwa na upana wa milimita 335, Crown ni 225. Halafu mpira wenyewe ni laini, ukipata moto unanata, ukiwa baridi au kwenye maji ni balaa. Mvishe Crown tairi kama hizo, nusu ya aliyoyasema dada wa Ujiji atayaona.

#25 Binti Ujiji
Fundi nusu siyo. Robo nakupa.

#26 Mama Kaliua
Mbona hakuna anayesema sauti? Mimi sijui nyuzi 75 wala haidroli, ila mume wangu anatazama video za hizi gari usiku, nikiwa jikoni najua hii ni Ferrari, hii ni ile ya Kijapani. Ile Lexus LFA, V10, Toyota walitengeneza 500 tu, sauti waliifanyia kazi na Yamaha. Mume wangu ananiambia injini inatoka silensa (gari imewashwa, mafuta hujakanyaga) hadi 9,000 kwa sekunde 0.6, mshale wa kawaida ulikuwa hauwezi kuifuata ikabidi waweke saa ya kuchorwa kwenye skrini. Dereva wa gari ya namna hiyo anabadilisha gia kwa masikio, hana haja ya kuangalia chini. Si kelele hiyo, ni taarifa.

#27 Mwalimu wa Ipuli
Mama Kaliua, hoja nzito. Gari za turbo ndipo zilipopoteza, turbini inakaa kwenye njia ya moshi inameza sauti.

#28 Dereva Nyakanazi
Mwalimu, hapo kwenye turbo: si ndiyo ingefaa zaidi huku kwetu? Tabora tuko juu.

#29 Mwalimu wa Ipuli
Ndiyo. Tabora ni kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini inayovuta yenyewe inapoteza zaidi ya asilimia kumi ya nguvu yake. Ile V12 ya Murray ingefika Ipuli na farasi 550 hivi. Kigoma pale ziwani mita 773, hasara ni ndogo. Yenye turbo inafidia kwa kuzungusha turbini zaidi. Lakini unalipa kwingine: kuna kusubiri. Porsche 911 Turbo ya 1975 ndiyo iliwatesa watu. Unaingia kona, unakanyaga, hakuna kitu, unakanyaga zaidi, halafu nguvu zote zinafika kwa pamoja. Unashtuka, unatoa mguu, uzito unakimbilia mbele, na kwa kuwa injini iko mkiani, mkia unakuja. Dereva aliyetoa mguu kwa woga ndiye aliyepata ajali.

#30 Kijana wa Kibirizi
Sasa nyie mnaosema ukatili ndio upekee, mnaiweka wapi Honda NSX ya 1990? Bodi nzima ya aluminiamu, V6 ya lita 3.0, Ayrton Senna, yule bingwa wa Formula One, aliijaribu uwanja wa Suzuka akawaambia bodi bado laini, wakaenda kuikaza. Unaona mbele vizuri, AC inafanya kazi, mtu anakwenda nayo sokoni. Na Gordon Murray huyohuyo amewahi kueleza hadharani kwamba NSX ndiyo aliyoifanya kipimo alipokuwa anasanifu F1. Mtengenezaji wa mnyama mkubwa kuliko wote wa wakati wake alichukua somo kwenye gari isiyosumbua. Mkuu wa Dubai hapo unasemaje?

#31 Aliyerudi Dubai
Nasema NSX hazikuwepo pale kwetu. Wateja hawakuziomba. Jiulize kwa nini.

#32 Fundi wa Gungu
Kwa sababu mkodishaji anakodi kuonekana, haendi kuendesha. F40 nayo isingekodishwa: haina ABS ya kuzuia tairi zisijifunge, stelingi haisaidiwi, breki haina busta ya kuisaidia pedeli, mlango ndani unafungua kwa kuvuta kamba. Hakuna kinachokuokoa. Nasikia walioiendesha wanashuka mikono inatetemeka, na ndiyo wanayoikumbuka mpaka leo. Weka kompyuta za kurekebisha makosa, umepata gari ya kasi. Upekee umeutoa.

#33 Mwalimu wa Ipuli
Basi Rimac Nevera utaikataa kabisa. Ya umeme, kutoka Kroatia, 2021, mota nne, kila tairi na yake, nguvu farasi 1,914. Ina tani mbili na ushee lakini kompyuta inaamua kila tairi ipate nguvu kiasi gani kwenye kona, nyingi kwa ya nje, kidogo kwa ya ndani, gari linageuka kama halina uzito huo. Haina turbo ya kusubiri, haina gia ya kushusha. Kwa hesabu yangu ya #6 kila farasi anabeba kilo moja na kitu.

#34 Mama Kaliua
Na sauti?

#35 Mwalimu wa Ipuli
Mama, hapo umenikamata.

#36 Dereva Nyakanazi
Na ikiishiwa chaji kati ya Uvinza na Malagarasi mniite, nina mnyororo. Kwa tani mbili nitatoza kama Noah.

#37 Fundi wa Gungu
Kompyuta ikishagawa nguvu, ikashika breki, ikageuza na gari, wewe mle ndani umekaa kufanya nini?

#38 Mwalimu wa Ipuli
Kile alichokuwa anafanya dereva wa GT-R tangu 2007, anaelekeza. Na GT-R hukuipinga.

#39 Fundi wa Gungu
GT-R niliikataa tangu #7, rudi usome. Na ya Rimac leta uzito wa betri peke yake, usijifiche kwenye tani mbili. Mimi natoka, kuna Noah imevutwa hapa haina rivasi.